Kuachana na seva ya kati kwenye mfumo wa kugawana faili: nodi zitafutane vipi, na ujumbe upite wapi?

waya_mbili ameuliza:

Wakuu, naomba mawazo ya wenye kulijua hili.

Mfumo ni wa kugawana faili ndani ya taasisi moja yenye majengo matatu. Nodi (kompyuta zinazoshiriki) ni kama 60, faili kama 10,000, ukubwa kuanzia MB 5 hadi GB 8. Kila jengo lina mtandao wake. Majengo A na B yako nyuma ya NAT (ruta inayoficha kompyuta za ndani nyuma ya IP moja ya nje), jengo C lina IP ya umma. Kwa sasa seva moja inafanya kazi ya traka: kila sekunde 60 kila nodi inaipelekea kwa HTTP orodha nzima ya faili ilizonazo, kwa JSON. Anayetaka faili anaiuliza seva, anapewa IP na poti, kisha anafungua TCP kwa mwenye faili.

Yanayosumbua:

- Seva ikizima, hata kompyuta mbili zilizo kwenye swichi moja hazionani.
- Nodi iliyozimwa ghafla inaendelea kuonekana hai kwa dakika tatu, na wanaopakua kutoka kwake wanaganda.
- Nodi ya A haiifikii ya B.
- Kupitisha vipande vya faili, MiB 1 kila kimoja, kwenye PUB/SUB (mmoja anatangaza, waliojisajili wanapokea) ya maktaba ya ujumbe ya ZeroMQ kunamjaza mtumaji RAM, na baadhi ya wapokeaji wanakosa vipande bila kosa lolote kwenye logi.

Nitumie DHT (jedwali la kutafutia lililogawanywa kati ya nodi), mDNS (ugunduzi ndani ya mtandao mmoja), GossipSub (umbea, yaani habari kupita nodi kwa nodi) au NATS (seva ya kupitishia ujumbe)? Na faili zenyewe zipite kwenye tabaka hilo hilo la ujumbe?

---

nodi_pweke:

Naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloharibu mengine. Hapana, faili zisipite humo.

ZeroMQ ina kikomo cha foleni kiitwacho HWM. Usipokigusa ni ujumbe 1000 kwa kila muunganisho, na kinahesabu ujumbe, hakihesabu baiti. Wewe unatuma ujumbe wa MiB 1, kwa hiyo mpokeaji mmoja mzito anatosha kushikilia karibu GiB 1 kwenye RAM ya mtumaji. Foleni ikijaa, PUB haisubiri wala hailalamiki, inatupa tu. Ndivyo ilivyokusudiwa: inafaa kwa habari ambayo ikipitwa na wakati haina thamani. Ukishusha HWM hadi 10 utaokoa RAM na kupoteza vipande vingi zaidi. Zaidi ya hapo, anayejiunga katikati hapati kilichotumwa kabla usajili wake haujafika kwa mtumaji.

Kwa hiyo tenganisha kazi tatu: kujua nani yupo, kuambizana mambo madogo (nimepata faili fulani, nimefuta, ninaondoka), na kusafirisha baiti. Hiyo ya tatu iwe na muunganisho wake kati ya nodi mbili, wenye kudhibiti kasi. Kila moja ina tabia yake ya kushindwa, na ukizichanganya hutajua ni ipi imeshindwa.

Ndani ya jengo moja, tumia itifaki ya ZRE, ambayo maktaba ya Zyre imeitekeleza juu ya ZeroMQ. Kila nodi hurusha tangazo la UDP kwenye poti 5670 kila sekunde 1. Tangazo lina baiti 22 tu: herufi ZRE, baiti 1 ya toleo, baiti 16 za kitambulisho, na 2 za poti ya TCP. Anayelisikia anafungua TCP na kutuma HELLO. Kuanzia hapo una WHISPER kwa nodi moja na SHOUT kwa kikundi. Nodi ikikaa kimya sekunde 5 hutumiwa PING. Ikikaa kimya sekunde 30 huondolewa. Ikiaga vizuri hutangaza poti 0, na wenzake wanaitoa papo hapo.

Angalia faiawoli: kufungua UDP 5670 peke yake hakutoshi, kwa sababu poti ya TCP huchaguliwa na programu kuanzia 49152 kwenda juu. Dalili ya kusahau hilo ni matangazo kuonekana kwenye tcpdump (programu ya kunasa pakiti) huku HELLO haifiki.

ZRE inaunganisha kila nodi na kila nodi, na kila upande unafungua muunganisho wake wa kutuma. Nodi 20 ni miunganisho 380, nodi 60 ni 3,540. Hiyo inabebeka. Kwa nodi 1000 ingekuwa 999,000, usijaribu.

Kuhusu NATS: si dhambi kuitumia. Seva moja ndogo kwa kila jengo, zikiunganishwa kwa mtindo wa nodi za majani, inaruhusu jengo kuendelea kuongea lenyewe hata kiungo cha nje kikikatika. Lakini bado ni seva za kutunzwa, na kikomo chake cha kawaida cha ujumbe ni MB 1, kwa hiyo swali la faili linabaki palepale.

---

heshi_ndefu:

Naungana na hapo juu, naongeza upande wa "nani ana faili gani".

Watu wakisikia neno "kugatua" wanakimbilia DHT. Kwa nodi 60 huihitaji. Kademlia, aina ya DHT, iliyowekwa k=20 (hadi nodi 20 kwa kila fungu la umbali) ikiwa na nodi 60 itaishia kila nodi kujua karibu nodi zote, yaani umelipa gharama ya kutafuta kwa hatua ili upate orodha ambayo ungeishika nzima. Rekodi ya faili moja (heshi baiti 32, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo; jina, ukubwa, tarehe) ni kama baiti 200. Faili 10,000 ni MB 2. Kila nodi ibebe faharasa nzima.

Muhimu ni namna ya kuisawazisha. Usitume orodha nzima kila dakika. Weka sheria moja: kila nodi inaandika logi yake tu, hakuna mwingine anayeigusa. Kila badiliko, la kuongeza au la kufuta, linapata namba ya mfuatano inayopanda. Kila sekunde 10 nodi inachagua mwenzake mmoja kwa bahati nasibu na kumpelekea jedwali la "kwa nodi fulani nimefika namba fulani". Kitambulisho baiti 32 na namba baiti 8, mara 60, ni baiti 2,400. Mwenzake analinganisha, anatuma kilichopungua na kuomba anachokosa yeye. Kwa idadi hiyo badiliko linaenea kote kwa mizunguko michache, kwa kawaida isiyofika kumi.

SHOUT au GossipSub zinabaki kuwa njia ya haraka tu, ili habari ifike ndani ya sekunde 1 badala ya dakika. Usizitegemee kwa usahihi. GossipSub hushikilia wastani wa majirani 6 kwa mada moja, juu kabisa 12, na kila mpigo wa sekunde 1 hutaja kwa majirani wengine ujumbe uliopita hivi karibuni. Kumbukumbu yake ya kawaida ni mipigo 5, na hutaja ya mipigo 3 ya mwisho. Nodi iliyokatika kwa nusu dakika ikirudi haitaambiwa kilichopita. Umbea haurudiwi kwa aliyechelewa. Kulinganisha majedwali ndiko kunakoziba hilo pengo, na ndiyo sehemu ambayo miradi mingi huiacha, kisha watu wanashangaa mbona faharasa za nodi mbili hazifanani.

---

kipande16:

Kwa 60 sawa mkuu, ila tusiizike DHT moja kwa moja. Mfumo ukifika maelfu ya nodi na mamilioni ya faili, faharasa nzima kila mahali haitabebeka. Akifika huko ajue mambo haya.

Kademlia, iliyotolewa na Maymounkov na Mazières mwaka 2002, inapima umbali kati ya vitambulisho kwa XOR (kulinganisha biti kwa biti), na kila hatua inakusogeza angalau biti moja karibu na ufunguo. Ndiyo maana hatua zinakua kwa logi ya idadi ya nodi. Kwenye DHT humo unaweka rekodi ya mwenye faili, huweki faili. Rekodi hufa zisipotangazwa upya: IPFS, mtandao wa kugawana faili unaotumia DHT, hutangaza kila saa 22 na rekodi huisha baada ya saa 48. Kwa mfumo ambao kompyuta zinazimwa jioni, saa 48 ni ndefu mno. Weka dakika 30 na utangaze upya kila dakika 10.

Kosa linaloua kasi ya DHT ni kuziruhusu nodi zilizo nyuma ya NAT ziingie kwenye majedwali ya wengine. Kila anayetafuta anakutana nazo, anasubiri jibu lisilokuja, anahamia nyingine. Utafutaji wa nusu sekunde unageuka kuwa wa nusu dakika. Nodi isiyofikika kutoka nje iwe mteja tu: iulize, isiulizwe.

Na DHT inajua ufunguo kamili tu. Mtumiaji akiandika nusu ya jina la faili haitamsaidia. Gnutella ilijaribu kutafuta kwa maneno kwa kurusha swali kwa majirani wote hadi hatua 7, na mtandao ulipokua mwaka 2000 maswali yenyewe yakajaza njia. Kwa nodi 60 zenye faharasa kamili, kutafuta jina ni swali la SQLite (hifadhidata ndogo) ya ndani tu. Hapo heshi_ndefu ameshinda.

---

poti_wazi:

Suala la A na B. Kabla ya kuchagua maktaba pima NAT zenu. Kutoka kwenye soketi moja ya UDP, uliza seva mbili za STUN (zinazokuambia unaonekanaje kutoka nje) zenye anwani tofauti (poti 3478). Ukijibiwa IP na poti ile ile na zote mbili, NAT yako haibadilishi ramani kulingana na unakoenda na kutoboa (kuunganisha moja kwa moja kupitia NAT) kunawezekana. Poti ikibadilika kwa kila unayemuuliza, hiyo ni NAT ya simetriki. Upande mmoja ukiwa hivyo bahati ipo kidogo. Pande zote mbili zikiwa hivyo, usipoteze muda, pitisha kwenye rilei, yaani nodi ya kati inayopokezana data. Na ukikuta IP ya nje ya ruta iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mko nyuma ya NAT ya mtoa huduma, hivyo kufungua poti kwenye ruta yenu hakutafika popote.

Jengo C lina IP ya umma, basi ndilo la kuwekwa nodi mbili za makutano (mbili, zisiwe moja, usije ukaijenga tena ile seva unayoikimbia). Nodi za A na B zinashikilia muunganisho nazo muda wote. A akitaka kuongea na B, wanabadilishana anwani zao za nje kupitia C, kisha wote wawili wanatuma pakiti kwa wakati mmoja. Pakiti ya kwanza ya kila upande hufungua tundu kwenye NAT yake. Libp2p, maktaba ya mitandao isiyo na seva ya kati, ina haya tayari: AutoNAT ya kujipima, Circuit Relay v2 ya rilei, na DCUtR inayopima muda wa kwenda na kurudi ili pande mbili zianze pamoja.

Mambo manne yanayokwama hapo:

Kwanza, tundu la UDP hufungwa likikaa kimya. RFC 4787, waraka wa kanuni za NAT, inataka lisifungwe kabla ya dakika 2, lakini vifaa vinavyolifunga baada ya sekunde 30 ni vingi. Tuma pakiti ndogo kila sekunde 20 hadi 25.

Pili, Circuit Relay v2 kwenye go-libp2p ina mipaka ya kawaida ya dakika 2 na KiB 128 kwa muunganisho mmoja. Imewekwa ili rilei itumike kupanga kutoboa, isibebe mizigo. Upakuaji unaokatika kila mara kwenye KiB 128 si hitilafu ya faili lako. Kwa kuwa rilei ni yenu, ondoa kikomo hicho kwa nodi zilizo kwenye orodha yenu tu.

Tatu, tangaza anwani ya ndani na ya nje zote mbili, na anayeunganisha ajaribu ya ndani kwanza. Nodi mbili za A zikitafutana kwa anwani ya nje, ruta nyingi hazirudishi pakiti ndani. Lakini hapa kuna mtego: A na B zinaweza kuwa zote na 192.168.1.20. Nodi ya A ikijaribu anwani ya ndani ya nodi ya B itampata jirani yake mwenyewe. Kwa hiyo muunganisho wowote uthibitishe ufunguo wa umma wa upande wa pili kabla ya lolote; ukitofautiana, kata na ujaribu anwani inayofuata.

Nne, QUIC (itifaki ya usafirishaji juu ya UDP) kwenye Linux hukwamishwa na bafa ndogo ya kupokea. Weka `sysctl -w net.core.rmem_max=7500000` na `wmem_max` vivyo hivyo, la sivyo pakiti zinaangukia kwenye kerneli na wewe unalaumu mtandao.

Kama majengo yote yana IPv6, nusu ya maneno haya hayakuhusu. Ila faiawoli ya ruta bado itazuia miunganisho inayoingia, kwa hiyo kutuma kwa pamoja kutoka pande zote mbili kunabaki.

---

kipande16:

Sasa usafirishaji wenyewe, maana hapo ndipo mtumiaji anaona tofauti.

Gawa faili katika vipande vya MiB 1, na uombe ndani ya kipande kwa vitalu vya KiB 16. Kwenye ujumbe wa umbea weka heshi ya mzizi tu (moja inayofunika faili zima), baiti 32. Orodha ya heshi za vipande iombwe kwa nodi yenye faili: GiB 8 ni vipande 8,192, kwa SHA-256 orodha ni KiB 256. Ramani ya "ninavyo, sina" ni biti 8,192, yaani KiB 1. Ukitaka kugundua kitalu kibovu cha KiB 16 bila kutupa MiB 1 nzima, jenga mti wa Merkle (heshi za heshi, ngazi kwa ngazi) hadi huko, lakini usitume majani yote: kwa GiB 8 ni MiB 16 za heshi. Tuma ngazi ya MiB 1, na kipande kikikataa ndipo uombe majani yake 64, KiB 2.

Kudhibiti kasi: mpokeaji anatoa vibali, mtumaji hatumi kitalu bila kibali. Idadi ya vibali inatokana na kasi mara muda wa kwenda na kurudi. Mfano, kiungo cha Mb/s 100 na ms 40: baiti 12,500,000 mara 0.04 ni baiti 500,000, sawa na vitalu 31. Ukiomba kimoja kimoja utapata KiB 16 kila ms 40, yaani kama Mb/s 3.3 kwenye kiungo cha 100. Hili ndilo jibu la karibu kila swali la "mbona kugawana moja kwa moja ni taratibu". Weka vibali 64, ruhusu vipande viwili vitatu viwe njiani, na RAM ya mtumaji itakuwa MiB 1 kwa mpokeaji. Wapokeaji 20 ni MiB 20. Linganisha na ile GiB 1 ya mmoja.

Kuganda: usisubiri tabaka la ugunduzi liseme nodi imekufa. Ombi lisilojibiwa kwa sekunde 10 lirudi kwenye foleni na lipewe nodi nyingine. Mwishoni vikibaki vitalu vichache, viombe kwa wote walio navyo, cha kwanza kikifika futa maombi mengine. Bila hivyo asilimia ya mwisho hung'ang'ania kwa nodi iliyo taratibu kuliko zote.

Mpangilio: kipande adimu kwanza. Faili jipya lililo kwa nodi moja huenea haraka zaidi kila mmoja akichukua kipande tofauti. Ile hesabu ya nipe nikupe ya BitTorrent (kufungulia wanne kila sekunde 10, na mmoja wa bahati kila sekunde 30) huihitaji ndani ya taasisi, hakuna wa kunyima mwenzake. Ila kikomo cha wanaohudumiwa kwa pamoja kiwepo, 4 hadi 8. Diski inayozunguka ikihudumia 30 kwa mpigo inabaki kurukaruka tu.

Usitangaze kipande kabla ya kukithibitisha na kukiandika. Faili likamilike kwenye jina la muda, fsync (kulazimisha liandikwe diskini), kisha lipewe jina lake.

---

waya_mbili:

Nashukuru sana wakuu. Nimeweka Zyre kwenye jengo A. Za waya zinaonana vizuri. Za Wi-Fi zinaonekana na kupotea, na zilizo ndani ya kontena za Docker hazimuoni mtu kabisa. Kompyuta mbili zenye VPN nazo zinarusha matangazo lakini hakuna anayezisikia. Ni IGMP ya swichi (kuchuja matangazo ya vikundi)?

---

nodi_pweke:

Si IGMP. Zyre inatumia brodikasti (kwa wote), si multikasti (kwa kikundi), kwa hiyo uchunguzi wa IGMP kwenye swichi hauigusi. Ungekuwa unatumia ugunduzi wa ndani wa BitTorrent kwenye 239.192.152.143 poti 6771, swichi inayochunguza IGMP bila kuwepo kifaa cha kuuliza ingeweza kuuzima. Ile ya mDNS, 224.0.0.251 poti 5353, iko kwenye fungu ambalo swichi zinatakiwa kulisambaza kwa poti zote.

Docker: daraja lake ni mtandao mdogo tofauti, brodikasti haivuki. Tumia `--network host`, au ziweke kwenye umbea wa Zyre kwa `zyre_gossip_connect` kuelekea nodi iliyo nje ya kontena.

VPN: Zyre imechagua kadi ya mtandao isiyo sahihi. Itaje kwa `zyre_set_interface` au kwa `ZSYS_INTERFACE=eth0` kwenye mazingira. Hakikisha kwa `tcpdump -ni eth0 udp port 5670`. Uone pakiti za urefu wa 22 kutoka kwa kila nodi, moja kwa sekunde.

Wi-Fi: kama hazionani kabisa, tazama kama kifaa kimewashiwa kutenganisha wateja. Zako zinaonekana na kupotea, hiyo ni tabia ya brodikasti hewani: kifaa kinapoirusha hakuna uthibitisho wala kurudia, na kompyuta iliyo kwenye kuokoa betri husubiri zamu yake. Kupotea kwa matangazo ni kawaida. Kosa ni kuhesabu kifo kwa matangazo yaliyokosekana. Acha TCP na PING ziamue, na upandishe muda wa kuondoa hadi sekunde 45 kwa za Wi-Fi.

---

heshi_ndefu:

Kabla hujaunganisha majengo, ulinzi. Kila nodi iwe na jozi ya funguo za Ed25519 (aina ya sahihi za kidijitali), na kitambulisho chake kiwe ufunguo wa umma wenyewe, baiti 32. Kila rekodi ya logi iwe na sahihi ya baiti 64 inayofunika namba ya mfuatano, heshi na jina. Kwa hiyo nodi yoyote inaweza kukupitishia rekodi ya mwingine bila kuibadilisha. Orodha ya funguo zinazoruhusiwa isainiwe na ufunguo wa msimamizi, nayo isambazwe kama rekodi nyingine. Bila orodha hiyo, mtu mmoja anaweza kuanzisha vitambulisho 500 na kuijaza faharasa takataka.

Usitumie saa kuamua rekodi ipi ni mpya. Saa za kompyuta 60 hazikubaliani. Namba ya mfuatano ndiyo inayoamua.

Majina ya faili yanatoka kwa wengine: kataa lenye `..`, mkwaju, au herufi ya udhibiti. Na huduma yoyote ya UDP isijibu kwa baiti nyingi kuliko ilizoulizwa na mtu ambaye hajathibitisha anwani yake, vinginevyo nodi zako zitatumiwa kumshambulia mwingine. DHT ya BitTorrent inalizuia jambo la jamii hiyo kwa tokeni: hupokelewi tangazo lako mpaka urudishe tokeni uliyopewa kwenye anwani unayodai ni yako.

---

poti_wazi:

Na ujaribu kwa kuharibu. `tc qdisc add dev eth0 root netem delay 100ms loss 2%` (kuchelewesha pakiti na kupoteza asilimia 2) kwenye nusu ya nodi, kisha pakua GB 8. Ua programu kwa `kill -9`, usiizime kistaarabu, maana ukiizima vizuri ule ujumbe wa poti 0 unaficha matatizo. Ukikata jengo kwa iptables (faiawoli ya Linux) tumia DROP, inayotupa pakiti kimya. REJECT inatoa jibu la haraka ambalo mtandao halisi uliokatika hautoi.

---

waya_mbili:

Swali dogo la mwisho. Logi ya kila nodi itakua bila kikomo kwa sababu na ufutaji unaandikwa. Na kompyuta ikirejeshwa kutoka kwenye nakala ya zamani itakuwaje?

---

heshi_ndefu:

La kwanza ni jepesi. Logi ikizidi, tuseme, rekodi 5,000, mwenye logi aandike picha kamili ya hali yake kwenye namba N na atupe zote za kabla. Anayeuliza akiwa nyuma ya N anapewa picha nzima, na anafuta kila alichokuwa nacho kuhusu nodi hiyo kabla ya kuiweka. Asipofuta, faili zilizofutwa zamani zitafufuka kwenye faharasa yake.

La pili ni baya zaidi na halionekani mapema. Nodi ilikuwa namba 900, imerejeshwa ikiwa 700. Inaandika rekodi mpya 701, 702; wenzake wanaona wameshafika 900 na wanazipuuza kimya. Mtumiaji anaongeza faili na hakuna anayeliona mpaka namba ivuke 900, na hapo wenzake watakuwa na mchanganyiko wa rekodi za zamani na mpya. Dawa ni kuongeza namba ya awamu, baiti 8, mbele ya namba ya mfuatano, ndani ya sahihi. Nodi ikiwaka iwaulize wenzake wawili watatu, "mnanijua hadi wapi?" Wakitaja namba kubwa kuliko yake, ipandishe awamu kwa moja, ianze logi upya kwa picha kamili ya ilichonacho kwenye diski sasa hivi. Awamu kubwa inafuta ndogo yote. Na mpaka ipate jibu la angalau mwenzake mmoja isiandike rekodi yoyote. Kupakua inaruhusiwa, kutangaza isubiri.